Fishi Zenye Pudra

Mimi ndiye niliyejaza fishi ishirini na tisa kwa mkono mmoja, asubuhi moja, nikiwa na hasira ya kupata saba juu ya ishirini. Naanza na hilo ili nisije nikajipamba huko mbele. Siku hizi kuna watu wanaonisifu kwamba mimi ni mwalimu mwenye haki. Huwa nacheka kidogo na kubadilisha mazungumzo, maana najua nilikotoka.

Fishi yenyewe ilikuwa karatasi moja tu. Chuo chetu kilikuwa kimeanzisha utaratibu mpya: somo likikaribia kuisha, wanafunzi wanampima mwalimu. Maswali kumi, na mbele ya kila swali visanduku vitano, kuanzia moja, mbaya kabisa, hadi tano, nzuri kabisa. Je, anafika kwa wakati? Je, anaeleza mpaka mtu aelewe? Je, anasahihisha kwa haki? Unatia vema kwenye kisanduku unachotaka, huandiki jina, unarudisha. Sisi tulisema ni michezo ya watu wa semina, na kwamba fishi zile zitaenda kulala kabatini mpaka panya wazisome.

Wakati ule nilikuwa mwaka wa pili wa afya ya jamii, tena nilikuwa CP, yaani kiongozi wa darasa. Mtu ambaye hajawahi kuwa CP hapa Goma hajui kuchoka ni nini. CP ndiye anayempigia mwalimu simu kumkumbusha kwamba leo ana somo. CP ndiye anayetafuta chaki, anayepeleka silabasi fotokopi, anayejaza orodha ya mahudhurio na kuwatilia vema hata wale ambao bado wako kitandani na wanakutumia ujumbe: "Niko kwa njia, CP, uniandike." Darasani tulikuwa arobaini, na kuna siku mimi peke yangu nilikuwa wote arobaini. Kwa hiyo kuandika mahali pa mwenzangu hakukuwa dhambi machoni pangu. Kulikuwa kazi.

Mwalimu wetu wa statistiki tulimwita Muzee, basi. Wazee wengine walikuwepo pale chuoni, lakini ukisema Muzee kila mtu alijua ni nani. Alitokea Rutshuru, alifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na alikaa mtaa wa Ndosho. Alikuja kwa miguu. Alisema pikipiki inamtikisia hesabu kichwani. Akifika mlangoni anatoa kitambaa mfuko wa kushoto, anapangusa vumbi jeusi la volkano kwenye viatu, kiatu cha kulia kwanza, kisha anakunja kitambaa na kukirudisha. Halafu anavua kofia na kuiweka mezani, na upara wake unabaki uking'aa mbele yetu saa tatu nzima.

Alitufundisha wastani kwa maharagwe. Alikuja na mfuko, akatugawia kila mmoja kikombe, akatuambia tuhesabu yaliyooza. "Wastani ni mutu mwongo kidogo," alisema. "Akikuambia kitu, muulize kwanza jirani zake wako mbali namna gani." Tulicheka. Lakini mwandiko wake ubaoni, Mungu wangu! Tatu yake na nane yake zilikuwa mapacha.

Alikuwa na namna yake ya kusahihisha. Kabla ya kukusanya karatasi za interro, yaani jaribio la darasani, alituamuru kukunja kona yenye jina, kisha anapita mwenyewe na kupiga pini kila kona. Hakuifungua mpaka pointi zote zimeshaandikwa. Binti wa mkubwa fulani, mtoto wa muuza makaa, wote kona. Aliandika kwa kalamu ya kijani, kwa sababu nyekundu, alisema, inafanana na damu na yeye hachinji mutu. Na chini ya pointi aliandika sentensi moja, moja tu, kisha akakurudishia karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayekupa sahani.

Mimi alinirudishia saba.

Sikuwahi kupata chini ya kumi na mbili tangu nianze chuo. Niliangalia ile saba nikafikiri pengine ni moja yenye kofia. Chini yake, kwa kijani: "Umehesabu vizuri kitu ambacho sikuuliza." Lo! Afadhali angenitukana. Ile "vizuri" ndiyo iliyonichoma. Nilikunja karatasi mara nne na kutoka bila kufuta ubao, na kufuta ubao ilikuwa kazi yangu.

Lazima nieleze kuhusu pudra, ili mtu aelewe ile saba ilikuwa na uzito gani nyumbani kwetu Murara. Hapa kwetu mtu akipita mwaka, ndugu na rafiki wanammwagia pudra ya watoto kichwani, mpaka anakuwa mweupe kama andazi lililoanguka kwenye unga. Anatembea hivyo mjini, na hata asiyemjua anampigia kelele za furaha. Mama yangu, mwanamke wa Butembo anayeuza vitunguu, alinimwagia nusu ya kopo nilipopita mwaka wa kwanza. Ile nusu nyingine aliifunga vizuri akaiweka juu ya kabati. "Hii ya mwaka wa pili," alisema. Kila asubuhi nilipochana nywele nililiona kopo lile juu, linanitazama.

Sasa siku ya fishi. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ambayo inakufanya usisikie hata mwenzako wa ubavuni. Walifika watu kumi na mmoja. Sekretari wa masomo, mama mmoja mkali wa miwani, alinipa fishi arobaini za somo la Muzee na kuniambia anazitaka zote arobaini kabla ya saa sita. Niligawa kumi na moja, yangu ikiwemo. Zilibaki ishirini na tisa mkononi, na wenye nazo walikuwa wamelala na mvua.

Ningeweza kuzirudisha tupu. Nilikwenda nikakaa dawati la nyuma.

Moja, moja, mbili, moja. Nilijiona mjanja, nikawa nabadilisha bik, mara ya bluu, mara nyeusi. Je, anaeleza mpaka mtu aelewe? Moja. Je, anasahihisha kwa haki? Moja, moja, moja. Na lile swali la kwanza, je, anafika kwa wakati? Mtu ambaye hakuchelewa hata dakika mbili mwaka mzima, aliyetembea kutoka Ndosho na mvua na jua! Nikatia moja mara ishirini na tisa. Mengine yote niliyafanya kwa hasira, na hasira mtu anaweza kuieleza. Lile swali la kwanza nililijibu kwa ubaya mtupu, na linaniuma mpaka leo.

Wiki mbili zikapita. Nilikwenda kuchukua chaki kwa apariteri, mtu wa ofisi anayetunza chaki, orodha na siri zote za chuo. Akaniambia akiwa anahesabu chaki: "Muzee wenu, mwaka ujao hana tena somo."

"Nani kasema?"

"Nyiye. Fishi zenu. Bakubwa wameamua, mwalimu wa chini ya nusu, somo linapewa mutu mwingine. Muzee ameshaambiwa."

Niliuliza Muzee alisema nini. Apariteri akasema Muzee alisema "Aksanti," akaomba aonyeshwe fishi, akakaa saa nzima akinakili namba kwenye daftari lake, akavaa kofia akaenda. Somo lile ndilo pekee alilokuwa amebaki nalo. Watoto wake wameshatawanyika, shamba lake la Rutshuru haliendeki kwa sababu ya vita, na kitu kilichokuwa kinamwamsha asubuhi na kumvalisha viatu ni sisi.

Na kesho yake alikuja. Akapangusa viatu, cha kulia kwanza. Akaniambia, "Habari ya asubuhi, CP," kama kila siku.

Nililala siku tatu. Mama akanipima homa kwa kiganja, hakuna homa. Siku ya tatu akakaa pembeni ya kitanda na kisu cha vitunguu bado mkononi, akasema, "Sema." Nikasema yote. Nilitegemea anigombeze, na mama yangu akigombeza jirani wanafunga madirisha. Hakunigombeza. Aliweka kisu chini, akasema, "Vaa viatu."

"Mama, kesho nita..."

"Nimesema vaa viatu."

Nyumba ya Muzee ilikuwa ya mbao juu ya mawe meusi, ubavuni mwa karakana ya waseremala, kwa hiyo kila neno nililosema pale lilikatwa na msumeno. Mke wake, mama mwembamba mwenye sauti ndogo, alinifungulia. Muzee alikuwa kwenye meza karibu na dirisha, na mbele yake karatasi ya vijiraba vidogo, ile ya kuchorea grafu, imejaa nukta za kijani.

"Muzee, niko na neno," nikaanza.

"Nilikuwa nakungojea, binti yangu. Kaa."

Nikakaa. Akanisogezea karatasi. "Tazama hawa kumi na moja," akasema. "Mumoja ananipenda. Mumoja hanipendi. Huyu anasema naeleza vizuri lakini mwandiko wangu ni mubaya. Ni kweli, ni mubaya. Wametawanyika, unaona? Ni batu. Sasa tazama hawa ishirini na tisa." Nukta ishirini na tisa zilikuwa zimebanana kwenye kona moja, chini kabisa, unaweza kuzifunika na kidole gumba. "Batu ishirini na tisa hawawezi kuchukia mutu mumoja kwa namna moja. Hata akiwa mutu mubaya sana, kila mumoja anamuchukia na yake. Huyu ni mutu mumoja mwenye alikuwa na maumivu."

Msumeno ukakata. Nikangoja unyamaze. Haukunyamaza.

"Tena vema yako ina mukia murefu kama wa panya," akasema. "Naiona kila siku kwenye orodha."

Bik mbili, mjanja mimi! Nilitaka mawe yale yafunguke yanimeze. Nikamuuliza kwa nini hakusema ofisini, alikuwa na ushahidi mkononi, angesema neno moja tu na somo lake angerudishiwa.

"Ningesema miye, wangekufukuza. Miye nimeshafundisha, mwana wangu. Weye bado hata haujaanza." Halafu akatabasamu. "Tena nilijua utakuja. Nilikupa siku kumi. Leo ni ya saba."

Hapo nililia, na sikulia kidogo. Mke wake alileta chai ya maziwa na kuniweka mkono mgongoni bila kuuliza kitu. Muzee aliniacha nimalize, kisha akanichokoza: "Unakumbuka nilikuandikia nini kwa interro?"

"Umehesabu vizuri kitu ambacho sikuuliza."

"Ndiyo vile na hapa. Fishi iliuliza kama ninafundisha. Weye ukajibu nilikupa ngapi."

Kesho yake nikaenda kwa sekretari wa masomo. Sitasimulia kila alichosema yule mama, nusu yake ilikuwa Kifaransa na nusu ilikuwa moto. Alininyang'anya uongozi wa darasa, akaniandikia barua ya onyo ya kuwekwa kwenye faili yangu, na akasema kama nisingekuja kwa miguu yangu mwenyewe barua ingekuwa nyingine. Nilisaini. Kisha akasema fishi zote arobaini za somo lile zimefutwa na zitajazwa upya. Lakini mitihani ilikuwa imeshafika mlangoni. Nafasi iliyobaki ilikuwa siku ya matokeo, watu wakishaona pointi zao. Na safari hii, akasema, ataongeza mstari mmoja: jina hapana, lakini andika pointi ulizopata.

"Mama," nikamwambia, "wakishaona pointi hawatampima mwalimu. Watapima pointi."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwenye aliniletea fishi ishirini na tisa za uongo ananifundisha kazi? Hicho ndicho ninataka kuona."

Nikatoka pale nikijua vizuri mambo yalivyosimama. Muzee akitupa pointi nzuri, anabaki. Akitupa zile tunazostahili, wengi wataanguka, na walioanguka watamwangusha. Kila mtu chuoni alijua. Siku moja nikiwa koridoni nilimsikia assistant mmoja kijana, msaidizi wa walimu, mtu mwema tu, akimwambia: "Muzee, wape watoto kumi na mbili kila mutu. Fishi zitaimba."

Muzee akamjibu kwa upole kabisa. "Na siku watahesabu watoto wenye surua? Wataomba surua iwape kumi na mbili?" Akaingia darasani. Siku ya mtihani alipita na pini zake kama kawaida, kona moja baada ya nyingine. Alipofika kwangu alipiga pini, akaenda kwa anayefuata.

Asubuhi ya matokeo mama alinipa kopo. Nililiweka chini kabisa ya mfuko na kulifunika na kitenge. Matokeo yalibandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo ukutani, na watu wakasukumana. Nikasoma kwa kidole. Masomo mengine yote nilipita, mengine vizuri sana. Statistiki: tisa. Nilirudia kusoma nikitumia kidole kingine. Tisa. Pointi moja tu kufika kumi ya kupita! Somo la msingi, tisa maana yake ni sesio ya pili, kurudia mtihani, likizo yote juu ya daftari wakati wenzako wanakwenda harusini.

Nyuma yangu uwanja ulikuwa umeshakuwa mweupe. Watu wanakimbizana na makopo, wanaimba, mmoja amemwagiwa mpaka kope. Niliubana mfuko wangu kwapani.

Na katikati ya kelele hizo sekretari akatuita darasani kujaza fishi. Tuliketi pamoja, weupe na weusi, hivyo ndivyo tulivyoitana siku ile, weupe ni waliopita. Nilimwona mmoja aliyepata kumi na tano, ambaye mwaka mzima alilala somo la Muzee mpaka tukamzoea, akitia tano, tano, tano kutoka juu mpaka chini bila kusoma swali hata moja, na kila akicheka pudra inaanguka kutoka nywele zake juu ya karatasi. Aliyekaa mbele yangu alipata sita. Yeye alitia moja kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna aliyekuwa mbaya kati yao. Nilikuwa nimeketi pale pale, dawati la nyuma, na nilijua mkono wa yule wa mbele unahisi nini.

Nikaandika kwanza: tisa. Kisha nikasoma.

Je, anafika kwa wakati? Tano. Ile niliitia polepole. Je, anaeleza mpaka mtu aelewe? Nikayakumbuka maharagwe. Tano. Je, anasahihisha kwa haki? Hapo kalamu yangu ikasimama. Nataka niseme ukweli wangu wote: nilitamani asiwe na haki. Nilimkasirikia upya, palepale, nikiwa na kopo mfukoni. Mtu amenililia... sivyo, mimi ndiye niliyelia kwake, nimekunywa chai yake, nimekwenda kuvuliwa uongozi kwa ajili yake, na pointi moja imemshinda! Halafu nikaikumbuka kona. Hakujua ni mimi. Alihakikisha hajui ni mimi. Nikatia tano, na machozi yakanijia kwa hasira na mapenzi pamoja.

Je, mwandiko wake ubaoni unasomeka? Mbili. Samahani, Muzee, lakini mbili. Nilishasema uongo dhidi yake, sikutaka tena kusema uongo kwa ajili yake.

Jirani yangu, mweupe wa kichwa mpaka mabega, alichungulia. "CP wa zamani! Amekuangusha na unamupa tano? Uko na homa?"

"Niache," nikamwambia. "Mimi nilishajibu hii kitu mara moja bila kusoma. Inatosha."

Tulipozirudisha nilimwona sekretari akizipuliza moja moja. Zenye pudra alikuwa haangalii hata namba, alishajua kilichoandikwa. Mimi sasa nafundisha somo lile lile, na kila mwaka fishi zangu zinakuja, na hata bila pudra najua nani alipita na nani hakupita. Sizikasirikii. Kijana aliyepata sita anaandika maumivu yake mahali anapopewa karatasi, na hapo ndipo tunapompa karatasi.

Nyumbani mama alipoliona kopo limefungwa hakuuliza. Alilichukua, akapanda kiti, akalirudisha juu ya kabati. "Pudra haiozi," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Likizo ile Muzee alikuja chuoni mara mbili kila wiki kwa ajili yetu tulioanguka. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa haijui bado hatima yake, na hakuwahi kuitaja. Alitukalisha mstari wa mbele, akatupa swali, na kabla ya kumruhusu mtu kushika kalamu alimtaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe swali linauliza nini. Wiki ya kwanza nilidhani ni utoto. Wiki ya tatu nilitambua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nakimbilia kuhesabu.

Siku ya matokeo ya sesio ya pili uwanja ulikuwa kimya, tulikuwa wachache. Nilienda kwenye valve na kidole changu. Kumi na tatu. Nilipiga kelele peke yangu mpaka mlinzi akatoka kibandani. Halafu macho yakaangukia karatasi nyingine pembeni yake, ndefu, imebandikwa asubuhi hiyo hiyo: masomo ya mwaka ujao na walimu wake. Nikashuka na kidole. Statistiki. Na mbele yake jina la Muzee.

Sikwenda Murara. Nilipiga simu kwa mama, nikamwambia nimepita, aniletee kopo barabarani. Alipofika akafungua kopo animwagie, nikasema, "Ngoja, mama. Kuna mwingine." Alinitazama, akaelewa, akanipa kopo, akanisukumia kwenye pikipiki ya kwanza iliyopita.

Muzee alikuwa kwenye meza ile ile, waseremala wakikata vile vile. Hakuwa amesikia kitu, simu yake ilikuwa haina chaji. Aliniona ninahema akaniambia nikae, kuna kitu alitaka kunionyesha. Sekretari alimruhusu kunakili fishi mpya. Karatasi ya vijiraba: chini pointi za wanafunzi, pembeni tulichompa. Nukta zilipanda kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, zikifuatana kama watu wanaopanda ngazi. Sita chini, kumi katikati, kumi na tano juu kabisa. Sekretari naye alikuwa ameiona ngazi hiyo, nikaelewa kwa nini jina la Muzee lilibaki.

Na juu ya tisa, mbali na wote, hapakuwa na nukta. Palikuwa na vema ndogo ya kijani yenye mkia mrefu wa panya. Pembeni ameandika: "Huyu amejibu swali."

Nilisimama, nikatoa kopo, nikakaza sauti kama wale wakubwa wanaosoma matokeo mbele ya umati.

"Statistiki, mwaka ujao," nikasema, na nikataja jina lake zima, lile ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitamka mbele yake. "Amepita."

Aliweka kalamu chini. "Kweli?"

"Iko kwa valve, Muzee. Nimesoma na kidole."

Mke wake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Muzee alisukuma karatasi pembeni ili isichafuke, akatafuta mahali pa kuweka mikono yake, hakupata, akaikunja mapajani.

Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa.